Nani Athibitishe Sumu? Mjadala wa Kongwa

Hoja iliyo mezani ni fupi. Mtu aliyefanya kazi ya sumu kwa miaka, kisha akapata ugonjwa unaojulikana kuletwa na kazi hiyo, alipwe fidia bila kutakiwa aonyeshe siku na saa sumu ilipomwingia. Anayedai kwamba ugonjwa umetoka kwingine, yeye ndiye alete ushahidi.

Kwa wazimamoto hoja hii si ngeni duniani. Jimbo la Manitoba nchini Kanada liliiandika katika sheria mwaka 2002, na Australia ikawa na sheria yake ya shirikisho mwaka 2011. Mwaka 2022 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye tumbaku na asbesto. Haukutaja kemikali moja moja. Ulitaja kazi yenyewe. Saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaozunguka mapafu ndizo zilizokuwa na ushahidi wa kutosha.

Mtu ataniuliza kwa nini nauleta mjadala huu Kongwa, wilaya ya mahindi, karanga na ng'ombe, badala ya Dar es Salaam kwenye matangi ya mafuta. Nauleta hapa kwa sababu ya Kibaigwa. Soko lile la mahindi, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, hupokea mzigo wa Kongwa, wa Kiteto na wa Gairo, na mahindi yakikaa yanaliwa na dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambaye wakulima walimwita Skania kwa jinsi anavyosomba. Dumuzi hazuiliki kwa majivu. Anataka unga wa Actellic ndani ya gunia au vidonge vya kufukiza chini ya turubai. Kwa hiyo kuna watu wengi hapa wanaoshinda na sumu bila kuvaa sare wala kofia ya chuma. Mzimamoto atakutana nao siku ghala litakapowaka.

Sauti zilizomo humu nimezipanga mwenyewe kufuata kazi zilivyo, hivyo msomaji asihangaike kumtafuta mtu. Nafasi ya kwanza nampa mzimamoto, kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kufika wa kwanza.

Mzimamoto mstaafu: Ghala likishika moto watu wanapiga 114. Tunafika, tunavuta mipira, tunafungua maji. Nani atakuwa ametuambia kwamba juzi humo ndani walifukiza? Vile vidonge ni alumini fosfaidi. Vikigusana na unyevu vinatoa gesi ya fosfini, ndiyo inayoua dumuzi. Vikimwagiwa maji mengi vinaitoa kwa fujo, na gesi yenyewe inaweza kuwaka. Maji niliyoleta kuzima moto ndiyo yananitengenezea sumu. Na fosfini ikishakuingia, hakuna dawa ya kuipinga. Hospitali watakupa hewa, watakuwekea dripu, watangoja wewe au gesi, nani atashinda.

Daktari: Ni kweli afande, tunachofanya ni kumtegemeza mgonjwa. Kipimo chake nacho si cha kawaida katika maabara zetu.

Mzimamoto mstaafu: Hiyo ni ya siku moja. Kuna ile ya miaka. Moshi wa magodoro, wa matairi, wa mabati yenye rangi, wa plastiki. Ukiishiwa na mtungi wa hewa unaingia na pumzi yako. Masizi yanakaa shingoni na chini ya kola, unaenda nyumbani na koti, mama watoto analifua pamoja na nguo za watoto. Lipo na povu la kuzimia mafuta, ambalo kwa miaka mingi duniani lilitengenezwa kwa kemikali zisizooza, zikishaingia kwenye damu hukaa miaka. Sasa mimi nikiugua kibofu nikiwa na miaka sitini na mitano, mtaniuliza ni moto upi? Madaftari ya zamu niliyoyajua mimi yaliandika saa tuliyotoka na mali tuliyookoa. Tulichovuta hakikuandikwa.

Hapo mwenye stoo akaomba kusema, na nilijua angeomba. Ni mama wa makamo, amejenga stoo yake kwa misimu mingi ya kununua na kuuza, na hana mazoea ya kulia lia.

Mwenye stoo: Afande nakuheshimu, na wewe una hoja. Mwajiri wako anajulikana. Lakini mnaposema anayepinga ndiye athibitishe, kwa Kibaigwa huyo anayepinga ni mimi. Kibarua anakuja kwangu Jumatatu. Jumanne yuko kwa jirani, Alhamisi yuko shambani na bomba la dawa mgongoni, na jioni sijui anakunywa nini. Baada ya miaka kumi figo zimeharibika, anakuja na karatasi: nilibeba kwa mama fulani. Kuniuliza mimi sumu ilitoka wapi ni sawa na kuliuliza korongo limejazwa na mvua ya kijiji gani.

Wakili: Mama, hapo umeichanganya fidia na kesi. Kwa sheria yetu mfanyakazi hakufuati wewe mfukoni. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko, WCF, ulioanza kukusanya michango Julai 2015. Mwajiri peke yake ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Serikali nayo imo, kama mwajiri. Sekta binafsi ilianza na asilimia moja ya mishahara, mwaka 2021 ikashushwa kuwa 0.6, sasa ni nusu asilimia kama Serikali. Akiumia au akiugua kwa ajili ya kazi, Mfuko unalipa matibabu. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya kipato chake, isizidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 anapata pensheni ya kila mwezi, ukiwa chini ya hapo anapata mkupuo. Akifa, wategemezi wake wanalipwa. Na sheria inataja magonjwa ya kazini waziwazi, haikuishia kwenye ajali.

Mwenye stoo: Nusu asilimia ya mishahara gani, wakili? Mimi sina mshahara ninaolipa. Nina gunia.

Kijana mbeba mizigo: Ndiyo swali langu hilo, mama, umenitangulia. Mimi nalipwa kwa gunia. Anayeniita ni dalali, anayenilipa ni mwenye fuso, mzigo ni wa mama, stoo siku nyingine imepangishwa na mtu wa Dar. Mwajiri wangu ni yupi kati ya hao wanne? Gunia limeshindiliwa unga wa dawa, nalibeba begani, jasho linachanganyika na vumbi, shingo inawasha mpaka usiku. Barakoa yangu ni shati. Wakifunua turubai baada ya kufukiza tunaambiwa ingieni, lori linangoja. Ukisema subirini hewa ipite, anaitwa mwingine. Wapo wengi nje.

Wakili alikaa kimya, na kimya chake naona kiandikwe. Sheria inawahusu waajiri wote wa Tanzania Bara, lakini mlango wake unafunguliwa na jina la mwajiri. Mtu mwenye waajiri wanne kwa siku moja anasimama nje ya mlango huo kama mtu asiye na hata mmoja.

Mzee wa josho alikuwa ameinamia fimbo yake. Akaanza kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," na wote wakaitikia kabla hajaendelea, hata mama mwenye stoo aliyekuwa amekasirika.

Mzee wa josho: Nyinyi mnazungumzia vidonge vya juzi. Mimi nilikuwa mtu wa josho. Kwanza ilikuwa arseniki, baadaye ikaja toksafeni, halafu dawa nyingine na nyingine. Ng'ombe mia moja wakitumbukia mmoja mmoja, maji yanakurukia machoni, mdomoni. Tulikoroga kwa fito, fito ikipotea tunaingiza mkono. Ndama akiyanywa maji yale anakufa, bwana mifugo anaandika: amekufa kwa sumu. Sisi tuliambiwa tunawe. Wenzangu wengine wamekwenda kwa ini, wengine kwa ngozi. Siwezi kuapa kwamba ni josho. Nauliza tu, mwanangu wakili, huo Mfuko wako unanijua?

Wakili: Mzee wangu, Mfuko umeanza 2015. Ya nyuma yalikuwa chini ya sheria ya zamani, Sura ya 263.

Hapa naomba niingie kidogo. Sheria hiyo ya zamani ni ya mwaka 1949, na Kongwa ya mwaka 1949 ilikuwa imejaa matrekta. Ule ulikuwa wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya zaidi ya pauni milioni 36 kuteketea katika ardhi iliyokuwa ngumu kuliko walivyodhani London. Sheria ya fidia ya wakati ule ilikuwa na sura ya wakati wake. Ilimfikiria mtu aliyekatwa mkono na mashine: siku inajulikana, mashine inajulikana, mkono haupo. Iliishi zaidi ya miaka hamsini, na viwango vyake vya malipo vikamezwa na bei za vitu. Toksafeni ya mzee huyu iliwekwa mwaka 2001 kati ya kemikali 12 za kwanza zilizopigwa marufuku au kuwekewa mipaka na Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Dunia ilikaa, ikaihukumu kemikali. Aliyeikoroga hakupata hata barua ya kuitwa kupimwa.

Daktari: Sasa niseme jambo ambalo mzee na afande hawatalipenda. Mkiniletea mgonjwa wa saratani ya ini kutoka Kongwa, sitaanza na josho. Nitauliza kwanza homa ya ini ya aina ya B. Halafu nitauliza anakula nini. Mnakumbuka mwaka 2016, watu wa Dodoma na Manyara walivyougua ghafla baada ya kula mahindi yenye sumukuvu: wagonjwa 68 walibainika, 20 kati yao wakafa. Hiyo ni ile inayoua kwa haraka. Ile ya kidogo kidogo, ya miaka, kwenye mahindi na karanga, inaleta saratani ya ini, na haijali kama wewe ulikuwa mtu wa josho au mwalimu wa shule. Kwa hiyo mkiniambia nidhani moja kwa moja kwamba ni kazi, kwa ini la mtu wa hapa nitasita.

Mwenye stoo: Ahsante, binti yangu. Umesema nilichotaka kusema.

Daktari: Bado, mama, sijamaliza. Kusita kwangu si sawa na kukataa. Anayetaka uhakika kamili kwenye saratani hatamlipa mtu yeyote, maana hakuna daktari wa kuupata. Uvimbe hauandikwi jina la aliyeuleta. Ndiyo maana wenzetu wameweka orodha: kazi fulani, ugonjwa fulani, miaka kadhaa ya utumishi. Ukitimiza, dhana ni yako, lakini dhana inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mzimamoto na kibofu, hapo sisiti. Mtu wa josho la arseniki na saratani ya ngozi, hapo pia sisiti, arseniki inajulikana kwa kazi hiyo. Mtu wa josho na ini, tuzungumze.

Kijana mbeba mizigo: Na mimi na shingo yangu?

Daktari: Wewe kaka yangu una shida tofauti. Dawa iliyo kwenye ule unga inazuia kimeng'enya fulani cha mishipa ya fahamu, na hicho kinapimika kwenye damu. Lakini kipimwe mapema. Ukija baada ya miezi mitatu damu imeshajirekebisha na mimi sina cha kuandika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Nani amekupima wewe?

Kijana akacheka, na wengine wakacheka naye. Mzimamoto hakucheka.

Juu ya kupima damu mapema, wakili akaleta mfano wa Mombasa. Pale Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri za magari kuukuu kutoa risasi kiliwatia sumu wafanyakazi wake na majirani zao, watoto wakiwa wengi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza mapambano hayo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Wakili: Watu wale walishinda kwa sababu damu ilipimwa mapema. Risasi ilionekana kwa tarakimu, mahakama ikawa na kitu cha kushika.

Mwenye stoo: Damu ilipimwa, na bado wakazungushwa miaka yote hiyo? Wakili, hapo umenisaidia mimi au umewasaidia wao?

Wakili: Nimewasaidia wao, mama. Ikiwa wenye ushahidi wa damu wamevuka mahakama tatu, huyu kijana asiye na karatasi hata moja utamwambia athibitishe kwa nini?

Mwenye stoo: Nakubali hilo. Lakini na nyinyi mkubali langu. Mkiweka dhana bila mpaka, watakuja na waliopita njia tu. Mfuko ukikauka, atakayeongezewa mchango ni yule mwaminifu aliyejisajili. Aliyejificha hataguswa.

Mzimamoto mstaafu: Mpaka upo, daktari ameutaja. Miaka ya utumishi, na orodha.

Mwenye stoo: Basi nitawaambia kitu cha biashara. Kila gunia linalopita pale sokoni linatozwa ushuru, na hakuna gunia linalopita bila kuhesabiwa, amini nakwambia. Mkitaka hela ya huyu kijana, itoeni humo. Mimi nitalipa, kwa sababu jirani yangu naye atalipa. Nisichotaka ni kulipa peke yangu kwa kuwa nimekuwa mjinga wa kuandika majina.

Huyu mama ndiye aliyepinga hoja, na ndiye aliyetoa pendekezo la maana kuliko yote. Kijana akasema ushuru huo wanaulipa wao tayari, maana ukipanda, malipo yao ya kubeba yanashuka. Wakaanza kubishana juu ya bei ya gunia, nikawaacha.

Sasa nilipo mimi. Kwa mzimamoto sioni sababu ya kungoja. Mwajiri wake ni mmoja, jina lake limo kwenye orodha ya zamu, moto aliouzima unajulikana, na wanasayansi wameshasema kazi yake inaleta saratani. Bunge, lililo chini ya kilomita mia moja kutoka Kongwa, likiandika kifungu kimoja cha dhana kwa ajili ya askari wa zimamoto na orodha ya saratani chache, halitakuwa limefanya ajabu. Na jimbo hili, lililompa Bunge Spika Job Ndugai kwa zaidi ya miaka sita, haliwezi kusema halijui njia ya kufika pale.

Kwa mbeba mizigo, dhana peke yake ni zawadi isiyofunguka. Apewe mwajiri kwanza. Soko lenyewe, kupitia halmashauri inayokusanya ushuru, lihesabiwe kuwa mwajiri wake kwa madhumuni ya fidia, limwandikishe, limpime damu mwanzo na mwisho wa msimu, na sehemu ya ushuru iende WCF. Hapo hofu ya mama inaondoka, kwa sababu hakuna mwenye stoo atakayetakiwa kujieleza juu ya figo za mtu. Mfuko ndio utakaopinga ukiona kuna haja, na Mfuko una madaktari na mawakili.

Mzee wa josho ndiye anayenishinda. Sheria ya 2008 haikuandikwa kwa ajili yake, na kumdanganya kwamba italazimishwa kumfikia ni kumwongezea machungu. Lakini majosho mengi ya nchi hii yalikuwa ya umma, na dawa ililetwa kwa mpango wa umma. Serikali iwatafute waliobaki, iwapime bure na kuwatibu bure, hospitali za Dodoma zipo. Wala hawatakuwa wengi, na kila mwaka wanapungua.

Wakati hayo yakingoja, kuna jambo lisilohitaji Bunge. Mwenye stoo anayefukiza aandike mlangoni kwa rangi: jina la dawa, tarehe ya kufukiza, tarehe ya kufungua. Mbeba mizigo aandike kwenye simu yake stoo aliyoingia na siku yake, na akiumwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo na kusema anashinda na dawa gani. Na yeyote atakayepiga 114 kwa ajili ya ghala la mahindi amwambie anayepokea simu, kabla gari halijaondoka, kwamba ndani kuna vidonge.